Jibu kwa mama wa Ujiji: kijana kiziwi anataka kupanga chumba

Shikamoo mama. Nimekuelewa: mwanao ana miaka 22, ni kiziwi, anataka kupanga chumba na kushona nguo, nawe usingizi huupati. Mdogo wangu ni kiziwi pia. Tulimwanzisha chumba cha jirani, akajipikia, akanunua umeme mwenyewe. Aliunguza ugali sana mwezi wa kwanza. Tukajizuia kumpelekea chakula, ndipo akazoea.

Ufundi, kaulizieni Chuo cha Luanzari, Tabora, cha watu wenye ulemavu. Mtaji, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata: halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha watu wenye ulemavu bila riba.

Nakusihi, asisaini mkataba bila mkalimani wa lugha ya alama. Mdogo wangu alisaini peke yake, kodi ya miezi sita ikapotea. Yakitokea, nendeni kwa msaidizi wa kisheria mapema.