Ukungu umeshika pumba zote, je, tayari nina kimeng'enya?

SWALI: Nililowanisha pumba za ngano na mabua ya mahindi yaliyosagwa, nikatia molasi, nikafunika kwa gunia. Siku ya nne ukungu wa kijani-manjano ulikuwa umeshika kote. Nikaanika juani, nikasaga, na sasa nawachanganyia kuku kama kimeng'enya cha kulainisha chakula. Wiki tatu zimepita, uzito haupandi. Je, niongeze siku za kuchachusha?

JIBU: Usiongeze hata siku moja, na unga huo uuondoe kwenye chakula leo hii. Swali hili naletewa mara kwa mara. Kinachobadilika ni malighafi tu, leo pumba, kesho maganda ya mihogo, keshokutwa makapi ya miwa.

Ukungu huo hukuupanda, umejiotea. Rangi ya kijani-manjano unayo Aspergillus oryzae, uliofugwa na binadamu kwa karne nyingi, na unayo pia nduguye wa karibu, Aspergillus flavus, anayetoa sumukuvu. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, hata mimi siwezi. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na ndipo uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya karanga yaliyokuwa na sumu hiyo. Kuku wana ustahimilivu kuliko batamzinga, lakini ini huumia na hudumaa. Kwa hiyo uzito usiopanda huenda una sababu ambayo hukuifikiria. Na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Sasa niseme linaloniudhi zaidi: imani kwamba ukungu ukinawiri, kimeng'enya kimepatikana. Ukungu hauna mdomo wala tumbo. Humwaga vimeng'enya nje ya mwili wake ili vikate chakula kikubwa kiwe vipande vya kufyonzeka, na kazi hiyo huigharamia pale tu inapobidi. Ukiwekewa sukari iliyo tayari, kwa nini ujisumbue kukata mabua? Hiyo molasi uliyoambiwa "inaupa nguvu" inaupa nguvu kweli: unapata zulia zuri la ukungu lenye selulasi, yaani kimeng'enya cha kukata nyuzi za mabua, kiduchu. Aliyekushauri aliangalia zulia.

Na joto je? Lundo lililofunikwa gunia hujipasha lenyewe. Tumbukiza mkono katikati siku ya pili utaona. Ukungu mwingi wa kazi hii hupenda nyuzi 28 hadi 32. Ukipita 40 unadhoofika, na bakteria wanachukua nafasi. Ndiyo maana pumba hutandazwa kwenye trei, tabaka la sentimita chache, zenye unyevu wa kushikana ukizifinya bila kuchuruzika maji, baada ya kupikwa kwa mvuke wa shinikizo nyuzi 121 na kupoa. Ndipo hupandwa spora, yaani chembe za kuzalia ukungu, za aina inayojulikana, kutoka maabara inayotunza mbegu safi. Mkemia Mjapani Jokichi Takamine alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1894 kwa kukuza ukungu juu ya pumba za ngano, kwa hiyo wazo lako lina heshima yake. Ila yeye alijua anapanda nini.

Kuna mtu aliniletea chupa ya maji ya kahawia yenye harufu ya chachu, akijisifu kwamba ni amilasi kali, yaani kimeng'enya cha kukata wanga. Tulipika uji mwepesi wa wanga, tukaugawa vikombe viwili. Kimoja tukakitia maji yake, cha pili maji hayohayo yaliyochemshwa dakika kumi. Baada ya nusu saa tukadondosha iodini: vyote viwili bluu iliyokolea. Wanga haukuguswa. Kama kimeng'enya kingekuwepo, kikombe cha kwanza kingefifia na cha pili kibaki bluu. Kikombe hicho cha pili ndicho wanachokiruka wote, kwa sababu bila hicho kila tone la bahati linahesabiwa ushindi. Kipimo hiki kinaonyesha amilasi tu. Selulasi inahitaji maabara, na hakuna kipimo cha kimeng'enya kinachokuambia kama sumukuvu imo.

Wauzaji wa unga wa "vimeng'enya asilia" wameongezeka, na wengi wanasaga kilekile ulichosaga wewe. Muulize muuzaji mambo mawili: ni aina gani ya ukungu, na gramu moja ina yuniti ngapi za nguvu ya kimeng'enya, zilizopimwa kwa joto na pH (kiwango cha uchachu) gani? Akikujibu kwamba ni asilia kwa hiyo haina madhara, mrudishie mfuko wake.

Unga huo ulionao usiufagie ukiwa mkavu, maana spora zikiingia mapafuni ni balaa lingine. Unyunyizie maji kwanza, vaa barakoa, uufukie mbali na mifugo.