Diklo kila siku, ni salama? Mfamasia anajibu wasomaji

Mwezi huu maswali yamekuja mengi na karibu yote yanazunguka dawa moja, diklofenaki, ile mnayoiita diklo. Nimechagua matano. Ombi langu kwa wote ni moja: ukifika dirishani kununua dawa ya maumivu, mtajie muuzaji dawa zingine unazotumia hata kama hajakuuliza, mana kwenye baadhi ya barua hizi hatari imejificha hapo au kwenye idadi ya siku.

SWALI: Habari dokta. Mi kibarua wa zege huku Mbagala, mgongo unaniuma kila siku so nameza diklo mbili asubuhi nikitoka na mbili usiku nikirudi, zile za 50, alafu siku mgongo ukikaza naongezea diklopa moja mchana. Nimeanza tangu kabla ya mfungo wa Ramadhani. Kazi naiweza kwakweli ila tumbo linawaka, nikinywa maziwa linatulia. Kuna shida hapo?

JIBU: Kaka shida ipo, na naomba usimeze nyingine leo. Tupige hesabu kwanza. Mbili za miligramu 50 asubuhi ni 100, mbili usiku ni 100 nyingine, hapo tayari 200, wakati mwisho kwa mtu mzima kwa siku ni 150, yani kidonge kimoja mara tatu, tena kwa siku chache tu. Na hivyo vidonge vinavyoitwa diklopa ndani vina diklofenaki hiyohiyo imechanganywa na parasetamoli, kwahiyo siku ukiongeza unazidi kupanda juu. Hili nakutana nalo sana kazini, mtu leo ananunua diklo, kesho Brufen, keshokutwa aspirini, anaona kabadilisha dawa kumbe zote ni za ukoo mmoja na madhara yanajumlishana. Geuza karatasi ya dawa usome yale maandishi madogo, ukikuta diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu, meloksikamu au aspirini ujue ni ndugu hao, unatumia mmoja tu kwa wakati.

Kuhusu tumbo sasa, hapa nataka unielewe vizuri. Mwili unatengeneza vitu vinaitwa prostaglandini, ndo vinavyoleta uvimbe na maumivu, lakini hivohivo ndo vinalinda ukuta wa tumbo usiunguzwe na asidi na vinasaidia damu kufika kwenye figo. Diklo inazuia utengenezaji wake mwili mzima, haichagui kusema nazuia za mgongo tu. Ndo mana maziwa yanakutuliza kwa muda ila kidonda chini kinaweza kuwa kinaendelea, na hata ungechomwa sindano badala ya kumeza tumbo bado lingeumia kwasababu dawa inafika kwa njia ya damu. Kula kwanza kunapunguza kichefuchefu na kiungulia, ni vizuri ule, ila usijihesabu umejikinga.

Nenda hospitali wiki hii, waambie umetumia diklo kwa muda gani na ngapi kwa siku, usipunguze ile idadi kwa aibu. Waombe wapime wingi wa damu, figo, na wale bakteria wa vidonda vya tumbo mana wakikutana na diklo madhara yanakua makubwa zaidi. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu au kitu cheusi kama unga wa kahawa, au ukasikia kizunguzungu ukisimama, hiyo sio ya kusubiri asubuhi, nenda usiku huohuo.

Mgongo wenyewe usilale nao kitandani siku nzima, endelea kutembea, ukinyanyua ndoo piga magoti badala ya kuinama na uisogeze karibu na mwili, na kama kuna uwezekano muongee na msimamizi mbadilishane nafasi na wenzako. Ila mguu ukianza kukosa nguvu, au ukapata ganzi katikati ya mapaja, au mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, kimbia hospitali, hapo mishipa ya fahamu inabanwa.

SWALI: Shikamoo. Mama yangu yupo Tanga, ana miaka 66 na ana presha, anatumia losatani na ile dawa ya kukojoza asubuhi. Magoti yanamsumbua sana, jirani yake akawa anamgawia diklo, sasa presha imegoma kushuka, miguu imevimba na kliniki wamemuongezea dozi ya presha. Inaweza kuwa diklo?

JIBU: Marahaba. Ndio inaweza kabisa, na ninahofia kliniki wameongeza dawa ya presha bila kuambiwa habari ya diklo, mana wazee wengi ukiwauliza unatumia dawa gani wanataja za kliniki tu, za jirani hazihesabiwi.

Diklo inafanya mwili ushikilie chumvi na maji, presha inapanda na miguu inavimba. Lakini kinachonitisha zaidi ni figo. Losatani inalegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio cha figo, diklo inabana ule unaoingiza, na ya kukojoza inapunguza maji mwilini, so zikikutana tatu msukumo wa damu ndani ya figo unashuka, na siku mama akiharisha au kutapika au akashinda bila kunywa maji figo zinaweza kusimama ghafla. Umri wake nao unaongeza hatari. Na moyo pia, mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa tamko kwamba mtu mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, moyo kushindwa kusukuma damu, aliyepata kiharusi au mwenye mishipa ya miguu iliyoziba asitumie diklofenaki kabisa.

Kwahiyo mama aache diklo, dawa za presha ASIACHE. Mpeleke kliniki wapime kriatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, na waambiwe ukweli wote, huenda ile dozi waliyoongeza ikahitaji kuangaliwa upya baada ya diklo kutoka mwilini, mana presha nayo ikishuka sana mzee anadondoka. Akianza kukosa pumzi akilala chali au mkojo ukipungua sana, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kwa magoti kuna habari njema, jeli ya diklofenaki ya kupaka inasaidia vizuri goti na dawa inayoingia kwenye damu ni kidogo sana kulinganisha na kidonge. Waulize kwanza kliniki kwasababu ya hizo figo, wakikubali apake kwenye ngozi isiyo na kidonda, asifunge na bandeji la kubana wala asiweke chupa ya maji ya moto juu yake. Na mazoezi ya kunyoosha goti akiwa amekaa kwenye kiti, kila siku, yanasaidia kuliko watu wanavyodhani. Jirani mwambieni kwa upole, alikua anasaidia.

SWALI: Nina mimba ya miezi 7, jino limeniuma usiku nikameza diklo mbili. Nimemuua mtoto?

JIBU: Hapana mdogo wangu, tulia. Mara moja tu haimaanishi umemdhuru, ila usirudie. Kuanzia wiki ya 20 dawa za ukoo huu zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na kuanzia wiki ya 28 zinaweza kuziba mapema mshipa ulio karibu na moyo wake. Waeleze kliniki, na kama mtoto amepunguza kucheza nenda leo. Kwa maumivu tumia parasetamoli, na jino nenda likatibiwe, mjamzito anatibiwa meno bila shida.

SWALI: Natumia dawa za CTC (kliniki ya wenye VVU), nasikia diklo sio nzuri kwetu. Nikienda duka la dawa kuna watu wamesimama nyuma yangu, siwezi kusema hali yangu. Nifanyeje?

JIBU: Ahsante kwa kuuliza hili, na wala hulazimiki kumwambia mtu yeyote pale dirishani. Ulichosikia ni kweli, kama kwenye mchanganyiko wako kuna tenofovia, hiyo inapita kwenye figo, na diklo nayo inagusa figo, zikitumika pamoja kuna watu figo zimefeli. Wewe sema hivi tu: "Nina dawa natumia ambayo haitaki diklo, nipe parasetamoli." Inatosha, muuzaji hana sababu ya kuendelea kukuhoji. Vidonge vya 500, viwili kila baada ya saa sita, visizidi 8 kwa siku, na kama una uzito mdogo sana, una tatizo la ini au unakunywa pombe basi waulize kwanza CTC. Kama ulishatumia diklo kwa muda waambie wakupime figo. Dawa zako endelea nazo kila siku kama kawaida.

SWALI: Homa kali, viungo vyote vinauma, nipo Dar. Nichomwe sindano ya diklo ishuke haraka?

JIBU: Usichome kabla hujapima. Dar tumepata mlipuko wa dengue 2014 na tena 2019, na dengue inaanza hivohivo, homa, viungo, maumivu nyuma ya macho. Inashusha chembe zinazogandisha damu, na diklo, ibuprofeni na aspirini zote zinafanya kutokwa damu kuwe rahisi zaidi, so mpaka ijulikane sio dengue tumia parasetamoli na maji mengi. Pima malaria na dengue vyote. Alafu sindano yenyewe ikichomwa vibaya takoni inaweza kujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu ukabaki unaburuza mguu. Ukiona damu kwenye fizi au puani, tumbo likauma sana au unatapika mfululizo, hata kama homa imeshuka, rudi hospitali siku hiyohiyo.