Trusting na trustworthy katika barua ya kuomba kazi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naomba kazi ya keshia katika hoteli moja kule Nyali. Kwenye barua nimeandika "I am a very trusting person", nikikusudia kwamba mimi ni mwaminifu. Rafiki yangu asema nifute, niandike "trustworthy". Kwani si mamoja? – Msomaji, Likoni.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msikilize rafiki yako, na nashukuru umeuliza kabla barua haijaondoka.

Trusting ni mtu anayewaamini wengine. Trustworthy ni mtu anayestahili kuaminiwa. Mama wa mahamri akikupa mahamri ya asubuhi kwa mkopo, wala hajui unakaa mtaa gani, yeye ndiye trusting. Ukirudi jioni ukamlipa pesa zote, trustworthy ni wewe. Sasa mfikirie meneja wa hoteli akisoma sentensi yako: ataona keshia ambaye mgeni akimwambia "nitalipa kesho" atamwitikia tu. Neno lenyewe si tusi, na mtoto mdogo husifiwa kwa kuitwa "a trusting child". Lakini kwa mtu mzima anayeshika pesa za watu, linakaribia kusema kwamba hudanganyika upesi.

Kinachowachanganya wengi ni mwisho wa neno. Hiyo -ing inamwonyesha mtenda, yule anayeamini. Worthy ni kustahili au kufaa, na Mombasa hulikosi: meli iliyo salama kwenda baharini huitwa seaworthy, gari linalofaa kutembea barabarani ni roadworthy, na benki ikiona unafaa kukopeshwa, wewe ni creditworthy. Trustworthy ni wa ukoo huohuo.

Reliable nalo ni jirani, ila huhusu zaidi kutoangusha watu: kufika kwa wakati, kumaliza ulichoanza. Hata simu huweza kuwa reliable. Uaminifu wa pesa na siri ndio trustworthy.

Ningekuwa wewe, nisingeishia kujisifu. Kama umewahi kushika pesa za duka, andika: "I handled cash daily and balanced the till every evening." Meneja ataona mwenyewe kwamba unawekeka amana.

Ukiitwa kwa mahojiano, angalia matamshi. Worth humalizika kwa th ya "thelathini", lakini worthy na trustworthy zina dh ya "dhahabu". Sauti zote mbili unazo tayari. Zizoeze kwa sauti kabla hujavuka feri.