Kabla hujadropu kozi: kwa mnaoanza chuo Marekani

Kila Septemba simu yangu inageuka dawati la msaada. Juzi alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza: "Dada shikamoo, naomba ushauri, ila nimeshadropu." Sasa mdogo wangu, ushauri wa nini tena? Nawapenda, lakini mnanizeesha. Basi naandika yote hapa, na anayefuata kupiga nitamtumia hii.

1. Usishuke chini ya krediti 12 kwa semista. Kila mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, wa shahada ya kwanza kaambiwa hili kwenye orientesheni, na kila mwaka kuna anayesahau. Mimi nilisahau kwa makusudi. Semista ya pili nilikuwa na krediti 13, nne kati ya hizo za kemia na maabara yake. Mtihani wa kwanza nikapata 48. Akili yangu ilikuwa bado ya nyumbani: bora kuikimbia kozi mapema kuliko kuja kupigwa sapu, yaani kurudia mtihani. Nikamwendea mshauri wa idara, mama mpole sana, akaangalia ratiba akasema hamna shida, utaichukua mwakani. Na kwake kweli haikuwa shida. Mmarekani akibaki na krediti 9 hakuna wa kumuuliza. Mambo ya viza hayakuwa kazi yake, na mimi sikuyagusia, maana nilijua angenirudisha kwa DSO, ofisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni. Usiku uleule nikaingia kwenye portali, nikabofya, ikauliza kama nina hakika, nikabofya tena. Nikalala fofofo.

Barua pepe ikanikuta kazini kafeteria, nikavua glavu kwa meno ili niisome: rekodi yangu ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, imefungwa. Kesho yake meneja akaniomba aproni, kwa sauti ya chini, na yeye kaona aibu. Bila F-1 iliyo hai huoshi hata sinia. Kilichofuata ni kuomba kurejeshewa hadhi: fomu I-539, ada yake, barua ya kujieleza, vielelezo, na yote hayo kabla hujafikisha miezi 5 nje ya hadhi. Wakati unasubiri jibu la USCIS, watu wa uhamiaji, unasoma semista kamili, unalipa karo kamili, na kazi huna. Nilikula kwa Wanaijeria wa ghorofa ya juu mpaka nikajua pilipili. Mama akipiga namwambia zamu zimepungua kidogo. Uongo huo mpaka leo hajaujua, na wanafamilia mnaosoma hapa, naomba iishie hapahapa.

Ilikubaliwa, nimemaliza, nipo. Lakini mambo mawili bado yananichoma. La kwanza, njia halali ilikuwepo. Kama unahangaika mwanzoni kwa sababu ya Kiingereza, au hujazoea ufundishaji wa huku, au umewekwa kozi ya ngazi isiyokufaa, DSO anaweza kukuruhusu ushuke hadi krediti 6 kwa semista moja. Sharti aidhinishe KABLA hujadropu. La pili, profesa wa kemia huwa anawapandishia alama darasa zima mwishoni. Wenzangu waliokuwa chini yangu walitoka na C.

2. Kwa hiyo saa za ofisi za profesa ni zako, nenda. Kule nyumbani kumgongea mhadhiri mlango ni kesi. Huku anakaa peke yake na kahawa yake, anasubiri mtu aje.

3. Kudesa, yaani kunakili kazi ya mtu. Acha. Programu inalinganisha kazi yako na ya kila mtu, pamoja na jamaa aliyekuuzia.

4. Kazi mwisho saa 20 kwa wiki, ndani ya kampasi, wakati masomo yanaendelea. Yule mjomba wa mgahawa anayelipa keshi ni mtu mwema, ila siku ya siku hatakuja kusimama na wewe.

5. Ukihama chumba, toa taarifa ndani ya siku 10. Ukienda nyumbani Krismasi, hakikisha I-20, ile hati ya F-1 uliyopewa na chuo, ina saini ya kusafiria, na uiombe mapema, maana wiki ya mwisho foleni ya ofisi ya DSO inafika kwenye ngazi. Kuna dada mmoja aliikumbuka akiwa tayari Dar, kwenye foleni ya kukabidhi mabegi. Haya.

6. Fomu 8843 ya watu wa kodi (IRS) unajaza hata kama hukuingiza senti.

7. Soma silabasi wiki ya kwanza. Huku hakuna kusubiri UE, mtihani wa mwisho wa semista, ikuokoe, kwiz ya wiki ya pili nayo inahesabiwa.

8. Koti la baridi msinunue Kariakoo. Mtu kanijia Minnesota na jaketi la ngozi la kuendea harusini. Nendeni Goodwill, mitumba ileile kabla haijapanda meli, na mkifika mchukue na buti.