Mwanangu Mtu Mzima Ananimalizia Mtaji: Je, Kumfungia Mlango ni Kukata Udugu?

SWALI: Assalamu alaikum, Shehe. Mimi ni mjane, naishi Katuba hapa Lubumbashi, nauza unga na samaki wakavu kwenye soko la mtaa wa Kenya hapa mjini. Mwanangu wa kwanza ana miaka 29. Alikuwa mchimbaji wa madini upande wa Kipushi, akarudi nyumbani na ulevi wa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Ameuza masufuria yangu, amechukua mtaji wangu zaidi ya mara moja, na usiku anapiga mlango na kuwatukana wadogo zake wa kike. Wanaomkopesha wanakuja kunidai mimi. Jamaa wamegawanyika: wengine wanataka nimfukuze, wengine wanasema mama anayemfungia mtoto mlango amekata udugu. Nifanye nini? Na je, naweza kumwapiza ili akome?

JIBU: Wa alaikumus-salaam warahmatullah, Mama. Mwenyezi Mungu akupe subira na akulindie nyumba yako.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo Waislamu wengi wa upande wetu wanayoyafuata, mtoto wa kiume aliyebaleghe na mwenye uwezo wa kufanya kazi si lazima tena alishwe na mzazi. Kwa hiyo chochote unachompa mwanao leo ni ihsani yako, si haki anayoweza kukudai kwa kelele usiku. Kama ingethibitika kwa daktari kwamba akili yake imeugua hata hawezi kujitafutia, hukumu ingekuwa nyingine. Na ningependa apelekwe kwa daktari kwanza, kabla hamjaanza kuwalipa watu wanaodai kwamba amerogwa.

Sasa tazama aya ya 5 ya Suratun-Nisaa: «Wala msiwape wasio na akili timamu mali zenu ambazo Mwenyezi Mungu amezifanya kuwa tegemeo la maisha yenu, bali walisheni katika mali hizo na muwavishe, na mseme nao maneno mema.» Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, katika kuifasiri kwamba mtu asichukue mali iliyo riziki yake akawakabidhi mke au watoto, kisha akabaki anatazama mikono yao; bali aishike mwenyewe, na awe yeye ndiye anayewatolea. Jamaa zako wanabishana juu ya kufukuza na kutofukuza, lakini aya haikuingia katika ubishi huo. Imezuia fedha, na papo hapo imeamrisha chakula, nguo na kauli njema kwa mtu yule yule.

Ukiifuata, nyumbani kwako itakuwa hivi. Mtaji usilale chini ya godoro wala ndani ya debe la unga. Uweke kwa mwanamke mwenzako unayemwamini, au uuingize kwenye likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu. Mwanao akija mchana akiwa hajalewa, mpakulie bukari (ugali) na sombe (kisamvu), na kaa naye anapokula. Akiomba faranga, hata za nauli, mwambie hapana kwa sauti ya kawaida bila kumkumbusha masufuria. Akiumwa, nunua dawa mwenyewe na umkabidhi dawa. Madeni yake hayakuhusu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amesema kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Waambie wanaomkopesha mbele ya mashahidi kwamba hutalipa tena, kwani kila unapolipa wanapata ujasiri wa kumkopesha zaidi.

Ama mlango, huko si kukata udugu. Kukata udugu ni kumwacha mtu kabisa, humsemeshi, humjulii hali, humtakii heri. Wewe unamzuia asiwadhulumu mabinti, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa mtu amsaidieje ndugu yake aliye dhalimu, alijibu kwamba amzuie na dhuluma yake. Lakini usimfungie ghafla. Mwite mchana, mbele ya mjomba wake, maana katika familia nyingi za Katanga neno la mjomba linasikilizwa kuliko la baba, na mumwambie saa ambayo mlango utafungwa na kwamba mlevi hatafunguliwa. Mkishasema, msirudi nyuma. Akiinua mkono juu ya dada zake, waiteni majirani na wenye mamlaka bila kuona aibu.

Kumwapiza, hapana. Mtume ametukataza kuwaombea watoto wetu mabaya, tusije tukaiangukia saa ambayo dua hukubaliwa. Katika Suratut-Taghabun, aya ya 14, Mwenyezi Mungu anatutahadharisha kwamba miongoni mwa watoto wamo walio maadui kwetu, tujihadhari nao, na kabla aya haijaisha anataja kusamehe na kughufiria. Muombee katika sijda zako, umtaje kwa jina. Nabii Nuhu alimwita mwanawe kwa mapenzi mpaka wimbi likawatenganisha, lakini hakushuka safinani kumfuata.

Nimesikia pia kwamba huwa jamaa wanawashikisha vijana wa namna hii Mus-hafu ili waape kuacha pombe. Sishauri hivyo. Akivunja kiapo, atadaiwa kafara ya kulisha au kuvisha masikini 10, au kufunga siku 3 asipoweza, na kwa hali yake ya sasa atakivunja kabla ya Ijumaa. Mwombeni aanze kwa kuja kula mchana.

Wallahu aalam.