Santuri au Faili Kubwa? Majibu kwa Wasomaji

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba mwaka 2022 Wamarekani walinunua santuri nyingi kuliko CD, milioni 41 kwa milioni 33, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Sikusema kwamba santuri ina sauti bora. Wasomaji kadhaa wamenisifu kwa kusema hivyo, wengine wamenigombeza kwa kutosema. Nimechagua maswali machache na kuyafupisha.

Shikamoo mzee. Kaka yangu amerithi santuri za baba. Anasisitiza kwamba santuri inabeba wimbi zima la sauti, ila dijitali inalikata vipande na kilicho katikati kinapotea. Ni kweli? (Dodoma)

Marahaba. Si kweli, ingawa lawama ziende kwanza kwa ile michoro inayoonyesha wimbi la dijitali kama ngazi, iliyojaa kwenye matangazo ya vifaa vya muziki.

CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde. Hesabu za wataalamu Harry Nyquist na Claude Shannon, zilizokuwepo miaka mingi kabla ya CD kuingia sokoni mwaka 1982, zinaonyesha kwamba ukipima wimbi zaidi ya mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa, unaweza kulirudisha wimbi lile lile. Si linalolikaribia. Lile lile. Kwa hiyo vipimo 44,100 vinatosheleza kila kitu kilicho chini ya kHz 22 (mitetemo 22,000 kwa sekunde), na sikio la mtoto mwenye afya hukomea kHz 20 hivi. Langu limeshashuka chini ya hapo siku nyingi, na la kaka yako pia kama ana mvi. Kinachotoka kwenye waya kwenda kwenye amplifaya ni wimbi laini kama lililoingia. Hizo ngazi hazifiki kwenye spika.

Kinachopotea kweli ni sauti ndogo mno, zinazozama chini ya mvumo wa mfumo wenyewe. Biti 16 za CD, yaani tarakimu zinazoandika kila kipimo, zinaacha nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na mvumo huo. Santuri nzuri, safi, kwenye mashine nzuri, hufika 60 au 70. Kaka yako akiendelea na hoja ya "kinachopotea", itamrudia yeye.

Hilo halimzuii kuzipenda santuri za baba. Azipende tu, bila kuitafutia mapenzi hayo fizikia ya uongo.

Kama CD inatosha, mbona programu za muziki zinatuuzia biti 24 na kHz 192 (vipimo 192,000 kwa sekunde)? Bando langu linaisha kabla ya albamu. (Mwanza)

Kwa sababu namba kubwa inauzika.

Studioni biti 24 zina kazi ya maana. Mpiga ngoma akizidisha nguvu ghafla, fundi anakuwa ameshaacha nafasi ya kutosha juu, na bado mvumo uko mbali huko chini. Wimbo ukishakamilika, nafasi hiyo haihitajiki tena.

Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio. Watu walisikilizishwa diski za ubora wa juu, mara zikipigwa moja kwa moja, mara zikipitishwa kwenye kifaa kinachoishusha sauti hadi kiwango cha CD, bila kuambiwa ipi ni ipi. Katika majaribio 554 walipatia 276. Hata ungerusha shilingi ungepata hapo hapo. Baadaye, mwaka 2016, Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alijumlisha tafiti 18 na kupata asilimia 52.3 ya majibu sahihi, na zaidi kidogo kwa waliopewa mazoezi ya kusikiliza. Basi tofauti huenda ipo, lakini ni ya kutafutwa kwa tochi, chumbani kwenye utulivu, na vifaa vya bei mbaya.

Kuhusu bando: dakika moja ya biti 24 na kHz 192 isiyobanwa ni karibu MB 69. Ya CD ni kama MB 10. FLAC, aina ya faili inayobana sauti, huzipunguza zote bila kupoteza kitu, lakini pengo linabaki pale pale. Na kama unasikiliza kwa hedifoni za bluetooth, jua kwamba karibu zote huibana sauti upya, tena kwa kuitupa sehemu yake. Chagua kiwango cha CD kisha ulale usingizi.

Nimenunua toleo jipya la albamu ya roki kwa santuri nikalinganisha na ile ya mtandaoni. Ya santuri ina nafasi, ya mtandaoni inanichosha. Marafiki wanasema ni mawazo yangu tu. (Nairobi)

Kuna uwezekano mkubwa masikio yako yako sawa, ila unampa sifa asiyestahili. Ulicholinganisha ni masta mbili tofauti, yaani kazi mbili za fundi anayeandaa muziki kabla haujatoka kiwandani.

Tangu miaka ya 1990 kampuni za muziki zimeshindania ukubwa wa sauti. Wimbo unabanwa hadi pale palipokuwa pa upole panakaribia kulingana na pa kelele. Mfano unaojulikana sana ni albamu ya Metallica ya mwaka 2008, Death Magnetic. Mashabiki waligundua kwamba nyimbo hizo hizo ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero hazikubanwa vile, wakalalamika hadharani. Hapo CD haikuwa na kosa. Ilibeba kwa uaminifu ilichopewa.

Santuri ina masharti yake. Besi nzito lazima iwekwe katikati, la sivyo sindano itaruka. Herufi "s" ikiwa kali mno inakwaruza, kwa hiyo fundi huipunguza. Tena besi yote hupunguzwa wakati wa kuchonga na sauti za juu kuongezwa, kisha amplifaya inarudisha mizani. Ndiyo maana mashine ya santuri inahitaji kiingilio chake maalumu. Masharti haya humfanya fundi awe na adabu, na mara nyingi hiyo adabu ndiyo unayoisikia.

Mara nyingi, si kila mara. Kampuni vivu inaweza kuchonga santuri kutoka kwenye masta ile ile iliyobanwa, ikaishusha sauti kidogo, basi. Na usiamini sana programu zinazopima "nafasi" ya muziki, yaani tofauti ya pa upole na pa kelele, na kuipa santuri alama za juu: safari ya kupita kwenye sindano hubadilisha vilele vya wimbi, na kipimo kinapanda hata masta ikiwa ni moja.

Kisa ninachokipenda zaidi kwenye mjadala huu ni cha Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayouza santuri za bei ya juu kwa watu wenye masikio ya kujivunia. Wengi waliamini kwamba santuri zake zinatoka kwenye utepe wa awali bila kugusa dijitali. Mwaka 2022 ikajulikana, na kampuni ikakiri, kwamba kwa miaka kadhaa nyingi zilikuwa zinapitia faili la dijitali kwanza. Watu walikasirika, kesi ikafunguliwa. Lakini wale wale walikuwa wamezisifu santuri hizo kwa "joto la analogi", yaani la njia ya zamani isiyogeuza sauti kuwa namba. Dijitali ilikuwa ndani muda wote na hakuna aliyeinusa.

Ukitaka kujipima mwenyewe, linganisha ukubwa wa sauti kwanza, kwa kipimo na si kwa kukadiria. Iliyo kubwa kidogo tu ubongo huipa ushindi.

Mzee hujambo. Nina santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, dansi na rumba, zilizokatwa Nairobi miaka ya 1970. Vijana wananiambia nyimbo nyingi ziko mtandaoni, nisihangaike. Kama nitazihifadhi, nitumie kiwango gani? (Mombasa)

Sijambo, na tafadhali hangaika. Hapa santuri inashinda kwa sababu isiyohusiana na sayansi ya masikio: mara nyingi utepe wa awali umepotea, umeoza au umefutwa ili utumike tena. Hiyo santuri yako ndiyo chanzo. Kilicho mtandaoni mara nyingi ni nakala ya kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, ikashushwa hadi MP3, na kasi yake imeyumba.

Kwa hiyo mimi niliyewaambia watu wa Mwanza wasilipie biti 24, wewe nakuambia uzitumie: biti 24 na kHz 96. Biti za ziada zinakupa nafasi ya kurekodi chini bila kuhofia mlio wa ghafla wa mkwaruzo, na kasi hiyo ya vipimo inaisaidia programu ya kusafisha kuutambua mkwaruzo na kuutenga na ngoma. Wahifadhi wa sauti duniani nao hawashuki chini ya biti 24 na kHz 48.

Safisha kabla ya kurekodi, si baada. Hifadhi nakala moja ghafi isiyoguswa, na uchezee nyingine. Vijana wa programu hupenda kuondoa kila mkwaruzo mpaka magita yanasikika kama yanapigwa chini ya maji. Waachie nakala yao, ghafi ibaki kwako. Wimbo uliogawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, urekodi kila upande kivyake, kuunganisha ni baadaye. Na piga picha lebo zote mbili pamoja na namba zilizochongwa karibu na tundu la katikati. Siku moja mtu atauliza wimbo ulitoka lini, na jibu litakuwa kwenye namba hizo.

Kwa nini wimbo wa mwisho kila upande unakwaruza? (Arusha)

Santuri kubwa inazunguka kwa kasi ile ile mwanzo hadi mwisho, lakini duara la ndani ni dogo. Ukingoni mfereji hupita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde; karibu na lebo ni kama 21. Sauti ile ile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Sindano iliyoisha au iliyokaa vibaya huanza kuumbuka hapo. CD haina ugonjwa huu.

Zile mashine za santuri za mfano wa sanduku la safari zinafaa? (Bujumbura)

Kwa kupamba sebule, ndiyo. Nyingi hukandamiza sindano kwa gramu 5 au zaidi, wakati sindano nzuri inahitaji 2 hivi. Santuri ya thamani usiiweke humo.

Bibi ametuachia santuri za taarabu, nzito, zimeota ukungu. Jirani kasema nizifute kwa spiriti. (Unguja)

Usithubutu! Kama ni nzito na zinavunjika kama sahani ya udongo, basi ni za mizunguko 78, na nyingi za aina hiyo ni za shelaki, mali ghafi ile ile ya enzi Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Spiriti huyeyusha shelaki. Utafuta ukungu pamoja na sauti ya bibi.

Tumia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapoozwa, yale ya kuongezea kwenye betri (si tindikali yake), na tone la sabuni ya vyombo isiyo kali. Futa kwa kitambaa laini kufuata mfereji, lebo isilowe, kausha mara moja, kisha zisimamishe wima mbali na jua. Sindano ya santuri za kawaida ni nyembamba mno kwa mifereji hiyo, huenda chini kabisa na kusoma vumbi. Omba ya 78. Na ile gramafoni ya kupiga hendeli iache kwanza hadi umezirekodi zote, maana sindano zake za chuma hula mfereji kila zinapopita.