Viporo vya kushona vya sikukuu: tafuta kwanza ile nguo unayoiogopa

Mdogo wangu mleta mada (umesema una miaka 29, kwa hiyo niruhusu nikuite hivyo), nimekusoma jana saa nne usiku nikiwa nimekaa hapa hapa kwenye cherehani, feni inapuliza joto tu, nikacheka peke yangu. Una vitambaa 14 vya Krismasi, vingine vimekaa tangu Septemba. Tisa vya watu, vitano vya nyumbani kwako. Unatoka kazini Posta saa kumi na moja, foleni ya Mwenge inakutoa roho, Tegeta unafika saa moja na nusu, na ukiingia ndani unaipita cherehani kama unampita mtu anayekudai. Halafu ukajaribu kushona juzi, ikawa inaruka mishono, ukaifunika. Unauliza wenzio mori tunautoa wapi.

Wadau hapo juu wamekushauri uweke muziki, upike chai ya tangawizi, ubandike ratiba ukutani. Sina ugomvi nao. Mimi muziki nilishauweka mpaka jirani akagonga ukuta, na vitambaa vikabaki vilevile.

Ngoja nikusimulie Desemba yangu ya 2017. Nilikuwa kama wewe, mchana nauza duka la mtu, usiku nashona hapa Tabata. Nilikuwa na nguo 19 za sikukuu. Mashati ya watoto, vitenge vya sare vya familia moja, madera mawili, na gauni moja la lesi la mama mmoja wa mtaa wa pili. Lesi ile aliletewa na mwanawe kutoka Dubai, yadi tano, rangi ya maziwa, ukiishika unaona kabisa hii huwezi kwenda Kariakoo kununua nyingine ikiharibika. Alitaka gauni refu la kubana, la misa ya Krismasi.

Nikalikata usiku, nimechoka. Daftari langu la vipimo nimeandika nyonga 44. Mwandiko wangu mwenyewe, lakini ile nne ya pili nimeiandika kwa haraka bila kuifunga vizuri, nikaisoma 41. Nikapiga chaki, nikatia mkasi. Nilipounganisha ubavu mmoja na kupitisha futi ya kupimia kuhakiki ndipo nikaona inchi tatu hazipo. Lesi haivutiki. Mabaki yalikuwa vipande vya kushonea kitambaa cha mkononi.

Unajua nilifanya nini? Nikalikunja, nikalitia kwenye rambo, mfuko wa plastiki (enzi hizo rambo zilikuwa bado halali), nikalisukuma chini ya meza nyuma ya boksi la mabaki. Kisha sikushona kitu chochote kwa siku 12. Mashati ya watoto hayakuwa na kosa lolote, yalikuwa kazi ya saa moja na nusu kila moja, lakini sikuyagusa. Nikawa nasema nimechoka. Nikasema joto. Umeme ukikatika nafurahi, ukirudi nasema sasa nimeshaingiwa na usingizi. Kila sababu ilikuwa ya kweli kidogo, ndiyo maana nilijidanganya vizuri.

Aliyenitoa ni wifi yangu. Alikuja kunitembelea, akakaa, akaniangalia napangapanga vitambaa bila kukata hata kimoja, akauliza, "Wifi, hicho kirambo chini ya meza kina nini? Maana kila ukipita unakisogeza kwa mguu." Sikuwa najua kama nakisogeza. Akakivuta, akatoa lesi, akaitandaza juu ya meza, akanyamaza. Akaniambia mpigie mwenye nguo sasa hivi nikiwa hapa.

Nikapiga. Shikamoo mama. Marahaba, nguo yangu vipi? Nikamweleza, kwamba nimekosea kipimo, imepungua inchi tatu, na kitambaa kimekwisha. Kimya. Nikasikia anamwambia mtoto apunguze televisheni. Halafu akasema, "Basi njoo nayo kesho nikuone."

Nikaenda. Akaivaa juu ya kitenge alichojifunga, tukaangalia lile pengo ubavuni. Tukakubaliana nitie utepe wa satini kila ubavu, kutoka kwapani mpaka chini, wa inchi moja na nusu ukishashonwa, maana yake nikate inchi mbili na nusu ili nipate nusu inchi ya mshono kila upande. Rangi ya dhahabu iliyopauka, ifanane na mkoba wake. Ikakaa. Sitakudanganya kwamba alinishukuru sana. Alinikata elfu 15 kwenye malipo, na ilikuwa haki yake. Lakini usiku ule niliporudi kutoka kwake, kabla hata sijaigusa lesi, nilishona mashati matatu ya watoto bila kuangalia saa.

Ndiyo maana nakuuliza wewe: kati ya hivyo 14, kipi umekiweka chini kabisa? Kipo. Pengine ni kile ambacho hukuelewa mshono mteja anaoutaka, akakutumia picha ya mdada wa Lagos kwenye simu ukasema "sawa" huku hujui ile mikono imekaa vipi. Pengine umeshakikata vibaya kama mimi. Pengine mtu alilipa yote ukaila hela. Hiyo nguo moja ndiyo imekalia nyingine 13. Itoe leo, iweke juu ya meza, na kama inahusu kumpigia mtu simu, mpigie kabla hujabadilisha nguo za kazini. Huna haja ya kuishona leo. Itoe tu gizani.

Baada ya hapo, mengine ni ya ufundi, na nitayataja haraka haraka.

Usichanganye kukata na kushona. Hili ndilo linalowaua wenye kazi mbili. Kukata kunataka akili iliyolala vizuri, kushona kunataka mikono tu. Ukirudi saa moja na nusu usiku umebanwa kwenye daladala, usikate kitu. Kata Jumamosi asubuhi vyote unavyoviweza, sakafuni kama meza ni ndogo. Kila nguo ikishakatwa, ifunge fungu lake: vipande, zipu, bitana, vifungo, na karatasi ya vipimo ndani. Na tarakimu zako za 4 ziandike zinazosomeka! Ukirudi kazini unavuta fungu, unakaa, unashona. Hakuna kutafuta zipu saa tatu usiku, maana ukiinuka kutafuta zipu hurudi, utaishia jikoni.

Mafungu yapange kwa rangi ya uzi. Nyeusi zote pamoja, nyekundu pamoja. Kubadilisha uzi wa juu na wa bobini ni dakika mbili tu, lakini ni dakika mbili za kupata kisingizio.

Vitenge na khanga vipya vifue kwanza. Ni pamba, vitarudi (vitapungua) vikifuliwa, na ule wanga wa dukani ukitoka sindano inapita vizuri zaidi. Fua mapema, maana vuli hii ikikushika na kamba ya nje imejaa utajuta. Na kama kuna khanga humo, tafadhali angalia jina lake, yale maneno yaliyoandikwa, linaangukia wapi kabla ya kukata. Pindo (ule ukingo) na mji (sehemu ya katikati) unaweza kuvichezea, lakini maneno yana mwenyewe. Mwaka mmoja nilimshonea dada mmoja gauni la doti yenye maneno "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Nilivyokata, mbele kifuani likabaki "mwenyeji apone", na "mgeni njoo" likaenda kukaa sawasawa kwenye makalio. Alivaa siku moja. Mtaa mzima ukasoma.

Kariakoo nenda mara moja, wiki hii au ijayo, na orodha. Zipu zote, nyuzi, bitana, lastiki, ile gamu ya kukazia kola. Ukingoja katikati ya Desemba Mtaa wa Kongo hautembei, unasukumwa, na siku yako nzima imekwisha kwa zipu mbili. Kama huna overloki, ile mashine ya kufunga kingo zisichanike nyuzi, usiinunue sasa kwa presha ya sikukuu. Tafuta fundi wa karibu akupigie overloki, umlipe kwa kila nguo, mpelekee kwa mafungu.

Sasa hesabu. Leo ni tarehe 20 Novemba. Nguo zako kwa wastani tuseme saa tatu kila moja, kukata mpaka pindo. Gauni lenye bitana litazidi, shati la mtoto litapungua. Nguo 14 ni saa 42. Ukishona usiku nne kwa wiki, saa mbili mbili, na Jumamosi saa nne, unapata saa 12 kwa wiki. Wiki tatu na nusu umemaliza, tarehe 15 hivi. Kwenye karatasi zinaingia zote. Ila karatasi haiugui malaria, haikatikiwi umeme, na mtoto wake hafungi shule mapema. Kwa hiyo rudisha tatu. Chagua za wale ambao bado wana muda wa kupata fundi mwingine, wapigie wiki hii, rudisha kitambaa na advansi kama ulipokea. Utaona aibu dakika tano. Mteja anayerudishiwa kitambaa Novemba atanung'unika. Anayerudishiwa tarehe 24 Desemba atakusema mpaka Pasaka.

Wateja wako wa Idi vilevile waambie mapema. Idi inasogea nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka, na mafundi wanasahau wanajikuta oda zimegongana. Mama yangu naye alikuwa fundi, na mpaka leo anaisimulia Desemba ya 2000, Krismasi na Idi el-Fitri zilipopishana siku chache tu. Anasema hakulala kitandani wiki nzima, alikuwa anasinzia na kichwa juu ya meza ya cherehani. Hesabu zinaonyesha mwaka 2033 zitakaribiana tena hivyo hivyo. Nimeshamwambia mume wangu mwaka huo nitakwenda likizo kijijini.

Jambo la usiku. Usiache kazi mahali palipokwisha. Ukishona ubavu wa gauni, umebakiza futi moja ya mshono ulionyooka na saa nne imefika, simama hapo hapo. Acha nguo chini ya sindano, mguu wa cherehani umeshuka, usiifunike. Kesho ukipita na mkoba begani unaona kazi ya dakika moja inakungoja, unakaa "niimalizie tu hii". Mimi nikishakaa nimekaa. Lakini ukimaliza vizuri ukakunja ukafunika, kesho unaanza upya kutoka sifuri, na sifuri ndipo pabaya.

Umeme: nina cherehani ya miguu, mota niliifunga baadaye, na mkanda wa zamani sijautupa. Ukikatika natoa mota, narudisha mkanda, napiga mguu. Pasi ya mkaa ipo barazani. Kama yako ni ile ndogo ya mezani ya umeme tu, basi usiku wa giza fanya kazi za mkono kwa taa ya kuchaji: vifungo, pindo, kutoa nyuzi za kushikizia kabla ya mshono. Hizo kazi zinalimbikizana mwishoni kila mara, na ndizo zinazokukuta tarehe 24 usiku.

Zile tano za nyumbani. Najua utaziweka mwisho, sisi wote tunafanya hivyo, kinyozi hajinyoi. Miaka mingapi watoto wangu wamekwenda kanisani na nguo ya Pasaka huku wa jirani wanameremeta kwa mikono yangu! Siku hizi nashona moja ya nyumbani baada ya kila mbili za watu. La mume liweke mwisho kweli, shati la kitenge halina haraka na yeye hatatambua. Lakini la kwako lisikose kwenye zamu. Fundi akienda misa na gauni jipya lililokaa vizuri, anarudi na oda tatu, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Na sindano. Umeandika hujaibadilisha tangu Pasaka halafu unashangaa inaruka. Weka namba 14 mpya kwa vitenge, namba 11 kwa satini na lesi, zinauzwa kwa bei ya andazi. Badilisha kabla hujakaa, halafu uje utuambie ni kitambaa kipi kilikuwa chini kabisa.